Nguzo Sita Ndani ya Miwa

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, na mkaniomba niwaandikie "machache" kuhusu jinsi laini zetu za stima zilivyoingia kwenye kompyuta. Saa inakwenda vizuri. Keki ilizidi sukari. Hayo machache nimeyachelewesha kwa sababu kila nikikaa kuyaandika naanza na mambo mazuri, halafu nafika kwenye bonde moja lisilo mbali na Lugulu na kalamu inasimama. Safari hii nitapita hapo hapo.

Niliajiriwa Kitale kuwa mchoraji ramani. Katika chumba cha michoro tulikuwa watano na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo siku ya kwanza walidhani nimeletwa kupika chai. Niliipika, nikainywa, kisha nikaomba kiti. Kazi yenyewe ilifanywa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi nyembamba inayoonyesha chini, na ukikosea unakwangua wino kwa wembe polepole, ukishika pumzi usije ukatoboa. Mkuu wetu wa chumba alikuwa mzee mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alitazama mstari wangu wa kwanza kwa muda mrefu kisha akasema, "Njoki, huu mstari kuna mtu ataupanda." Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye ndipo nilipomwelewa, na sikumwelewa kwa njia rahisi.

Ramani zetu zilikuwa na tabia zake. Karatasi ya Kitale iliishia mpakani, na karatasi ya Bungoma ilianzia mpakani, na hapo mpakani pembe za karatasi zote mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kila ofisi iliamini ofisi nyingine inajua kilichoko hapo. Msicheke, kwa sababu hata leo kuna mipaka ya namna hiyo, ila mchwa wake hawaonekani.

Kompyuta zilikuja miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Zililetwa tatu, zikapangwa kwenye chumba kilichopakwa rangi upya, na mlangoni pakabandikwa karatasi ya kututaka tuvue viatu. Wiki ya kwanza zilizimika mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, kwa kukosa stima. Sisi ndio tuliokuwa tukiiuza. Kulikuwa na betri chini ya meza iliyopaswa kuziokoa, nayo ikianza kulia pii, pii, pii, tulikuwa na muda wa kuhifadhi kazi na kusema sala fupi. Vumbi la Januari liliingia ndani ya mashine pamoja na kwamba tulivua viatu. Mtaalamu alitumwa kutoka Nairobi, akatufundisha siku tatu, akasahau chaja yake, akarudi kwao.

Lakini siku ya tatu alituonyesha jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinanisimama. Alikuwa ameingiza kipande kidogo tu cha laini, kutoka kituo chetu cha stima hadi soko la Kitale. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kistari chekundu. Akabonyeza, kistari kikakua, kikawa nguzo moja moja. Akabonyeza tena, nguzo ikafunguka na kusema mbao yake ni ya mwaka gani, ina waya ngapi, inalisha transfoma ipi. Akabonyeza kinyume, vyote vikarudi kuwa kistari, na dunia yote ikabaki nyeupe kukizunguka, ikingoja kuchorwa. Nilikuwa nimeshinda na wembe na wino miaka yangu yote ya ujana. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji, machozi yakinitoka kama mtu aliyepata habari za msiba, na haukuwa msiba. Nilikuwa nimefurahi kupita kipimo.

Ili kuijaza ile nyeupe ilibidi kila nguzo ifikiwe kwa miguu. Hapo ndipo nilipopewa Mzee Wanyonyi.

Wanyonyi alikuwa mkaguzi wa laini, mtu wa Bungoma, amebakisha miezi kadhaa astaafu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea ameinua uso juu, sijui ni kwa namna gani hakujikwaa. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kuifuata laini kwa miguu, akitafuta mbao iliyooza, mti uliokaribia waya na kikombe cha kaure kilichopasuka pale waya unapokaa. Hakuandika kitu. Siku ya kwanza nilimwomba anieleze laini ya Endebess ilivyo, nikafungua daftari. Akafumba macho palepale kantini, mandazi mkononi, akaanza: nguzo ya kwanza iko karibu na choo cha shule, ya pili imeegemea, ya tatu ina mzinga wa nyuki, ya nne ni ya mama fulani anayeanika mahindi. Aliendelea hivyo mpaka chai yake ikapoa. Wiki iliyofuata tuliipita laini ile nzima nikiwa na daftari, nikitamani, nakiri, kumkamata. Nilimkamata kwenye nguzo moja tu, ambayo haikuwepo. Tukauliza, tukaambiwa trekta imeigonga siku nne zilizopita.

"Hiyo si kosa yangu," Mzee akasema. "Hiyo ni ya trekta."

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuona ajabu. Kwake ilikuwa kama kujua majina ya watoto wako. Mimi nilitembea nyuma yake nikiwaza kwamba mbele yangu inakwenda ramani kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo kabatini, na kwamba mwezi wa Desemba itachukua mwavuli wake iende nyumbani.

Tulikuwa na kifaa cha GPS, kidogo kinachoenea kiganjani, kinachosoma mahali ulipo kwa msaada wa setilaiti. Unasimama kwenye nguzo, unakiinua, unangoja namba zitulie. Chini ya mikaratusi ya Trans-Nzoia namba hazikutulia upesi, na tulingoja sana. Siku moja Mzee alikitazama kile kifaa kwa heshima kidogo.

"Madam, hiyo setiraiti iko juu kabisa?"

"Juu kabisa, Mzee. Juu kuliko ndege."

"Inajua mimi ni nani?"

"Hapana. Inajua tu uko wapi."

"Basi bado inajua kidogo," akasema, akaendelea kutembea. Kwake "laini" ilikuwa "raini" na "lakini" ilikuwa "rakini", nami nilimtania mpaka alipoanza kunitania jinsi watu wa kwetu tunavyoitamka "chai" kuwa "shai". Hapo nikanyamaza.

Wenye mashamba hawakutupenda. Karibu na Endebess mzee mmoja, wa jamii ya wazazi wangu waliotoka Mkoa wa Kati wakanunua mashamba huku, alitukuta tumesimama kwenye mahindi yake na kifaa kimeinuliwa angani. Alikuwa na fimbo. Alitaka kujua ni nani ametutuma kupima shamba, na kwa nini bikoni, lile jiwe la mpaka, haionekani. Nilimweleza kwa Kikikuyu kwamba tunapima nguzo, si shamba. Akaniambia waliomnyang'anya ndugu yake shamba nao walianza na kitu kidogo cha mkononi kama hicho, na walikuwa na adabu kama mimi. Ni Mzee Wanyonyi aliyemaliza mambo, maana alimuuliza habari za ng'ombe wake mmoja kwa jina. Alikuwa amempita malishoni miaka yote, akimsikia akiitwa. Tukapewa maziwa.

Nawaeleza hivi mjue kazi ile ilivyotushinda. Mlikuta mfumo tayari na mnadhani ugumu wake ulikuwa mashine. Mashine ilikuwa na shida zake, sawa, lakini shida kubwa ilikuwa kwamba stima ya sehemu hizi ilikuwa imeandikwa ndani ya watu, na mtu hafunguki kwa kubonyezwa.

Kuna desturi moja ya Mzee ambayo lazima niiseme. Alikuwa haruhusu fundi yeyote ashike waya kwa kuambiwa tu kwamba stima imezimwa. Kwanza fundi anapanda, anabaki chini ya waya, anachukua ile fimbo ndefu ya faiba ambayo haipitishi stima, yenye kichwa cha chuma, na anagusa waya kwa kile kichwa huku akisikiliza. Waya mzima hulia, sauti ya nyuki waliokasirishwa. Waya uliokufa hunyamaza. Mzee alikuita huko kupiga hodi. "Nyumba ya watu ukipiga hodi wakiitika, unaingia," aliwaambia mafundi. "Hii nyumba wakiitika, unarudi." Aliwafanyisha hivyo hata pale swichi ilipokuwa mbele ya macho yao, imefunguliwa ili stima isipite na kutiwa kufuli. Baadhi walimcheka. Fundi mmoja aliyeitwa Barasa, mtu wa Myanga, mpole na mzito wa mwili kuliko mafundi wengi, hakumcheka. Mimi nilicheka. Nilimwambia Barasa, na nakumbuka tulipokuwa tumesimama, "Hii ramani ikiisha, utajua waya umekufa kabla hata hujavaa mkanda wa kupandia."

Ikafika Agosti, na ulikuwa mwaka wa tohara. Wale mliotoka mbali mjue kwamba Bungoma, mwezi huo wa mwaka huo, hakuna kazi inayoizidi ile. Njiani kulikuwa na njuga na nyimbo tangu asubuhi. Mjukuu wa Mzee Wanyonyi alikuwa anaingia jandoni, na Mzee aliomba likizo ya wiki mbili. Ramani ilitakiwa kukamilika mwisho wa mwezi huo huo. Meneja wetu alikuwa ameshaahidi wakubwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo: ule mpaka ulioliwa na mchwa, ambapo laini ya kutoka Kitale inashuka kwenye bonde lenye miwa, na upande wa pili wa miwa laini inaendelea kwenda Bungoma.

"Hapo kwa miwa ningoje," Mzee aliniambia akiondoka. "Tutaingia wote."

Sikumngoja. Nilikwenda na dereva. Nilisoma nguzo ya mwisho kabla ya miwa, namba zikatulia vizuri. Tukazunguka kwa barabara, nikasoma nguzo ya kwanza baada ya miwa, nazo zikatulia vizuri. Miwa yenyewe ilikuwa imenizidi kimo mara mbili, na juu yake niliona vichwa vya nguzo kadhaa, vingine vimefichwa na mkunjo wa bonde. Saa tisa mvua ikaja, kama inavyokuja saa tisa kila siku mwezi huo. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri. Nilikaa ndani ya gari nikahesabu kwa umbali wa kawaida kati ya nguzo na nguzo: sita. Laini imeingia upande huu na imetoka upande ule, ingekwenda wapi? Nikamwambia dereva turudi Kitale.

Kesho yake nilizichora nguzo sita kwa mkono wangu, nikizipa umbali sawasawa, na nikazivutia mstari mmoja kutoka ukingo huu mpaka ule. Kompyuta ikazipokea. Hapo ndipo ninapotaka mkae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo wino haukunifundisha. Kwenye karatasi, mstari wa kubahatisha huonekana: mkono unasita, wino unakolea mahali pasipofaa. Kwenye kioo zile nguzo sita zilikuwa nyekundu na safi kuliko nyingine zote nilizozifikia nikiwa na matope magotini. Nilizitazama nikaridhika nazo.

Mzee alirudi mwezi uliofuata. Nilimketisha mbele ya kioo nikamwonyesha kazi yake yote, toka Endebess hadi Bungoma na kushuka Myanga. Aliweka kidole kwenye kioo, taratibu, akafuata laini kama anavyotembea, nikaona midomo yake ikitaja wenyewe: choo cha shule, nyuki, mama wa mahindi. "Sikujua nimetembea hivi," akasema. Kidole chake kilipofika bondeni kikatulia.

"Na hapa kwa miwa, uripita?"

"Nilipita, Mzee."

"Basi uriona."

"Niliona."

Sikujua niliona nini. Kumuuliza kungekuwa kujiumbua. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kidole kikaendelea kwenda zake, na mwezi wa Desemba tukamnunulia godoro, tukampigia makofi, akaenda nyumbani.

Mwaka uliofuata chumba cha swichi cha Kitale kilianza kufanya kazi kwa kutazama kioo. Nilipita hapo mara nyingi kuliko ilivyonihusu, nikisimama nyuma ya wenzangu nione wanavyouliza swali na ramani inavyojibu. Nilijisikia kama mama aliyemsindikiza mwanawe shule.

Kisha kikombe kimoja cha kaure kikapasuka kwenye nguzo ya pili baada ya miwa. Haikuwa dharura. Kazi ikapangwa ya asubuhi, na Barasa akatumwa pamoja na wenzake wawili. Chumba cha swichi kilitazama kioo, kikaona kuwa sehemu ile yote inalishwa kutoka Kitale, swichi ya Kitale ikafunguliwa, ikatiwa kufuli, na Barasa akaambiwa kwa redio kwamba laini imekufa, anaweza kupanda. Nilikuwa mle chumbani. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu na nikaendelea kumenya chungwa.

Halafu sauti ya Barasa ikaja, bila haraka.

"Kitare, hapa kuna watu nyumbani."

Mwenzetu wa swichi hakuelewa, akamtaka arudie.

"Nimepiga hodi. Waya imeitika. Narudi chini."

Mwenzetu akaangalia kioo, akaangalia kufuli kwenye orodha, akamwambia haiwezekani, laini imezimwa. Barasa akajibu kwa upole ule ule, "Si mimi narudi chini kwanza, bana, arafu mniambie haiwezekani nikiwa hapa chini." Baadaye wenzake walisema kwamba wakati huo wote kinu cha posho cha kijijini kilikuwa kikisaga, ila kila mmoja alidhani ni cha dizeli.

Mimi nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Chungwa lilinianguka. Mle ndani ya miwa waya hazikuwa zimeungana: laini ya Kitale iliishia humo, na laini ya Bungoma ilianzia humo, na kati yake palikatwa makusudi. Hilo ndilo Mzee alilodhani nimeliona. Nguzo aliyopanda Barasa ililishwa na Bungoma, na hakuna swichi ya Kitale ambayo ingeiua.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Siku tatu nilisikiliza watu wakitupiana lawama. Walianza na redio, wakaja kwenye swichi, mwishowe wakakubaliana kwamba kompyuta imekosea. Kompyuta haikujitetea. Meneja alitangaza kwamba chumba cha swichi kitarudi kwenye karatasi mpaka mashine ichunguzwe, na wale waliokuwa hawaipendi tangu mwanzo wakatembea vifua mbele. Nilikuwa naiona kazi ya miguu ya Mzee Wanyonyi ikirudishwa kabatini kwa ajili ya nguzo sita zangu, na bado nikanyamaza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miwa ile tu, na nilishafika mwisho wake, nikawa nimesimama hapo bila kugeuka.

Siku ya nne, mlinzi wa lango aliniletea mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, vumbi la safari miguuni, na kwapani amebana kuku mwekundu aliyefungwa miguu.

"Wewe ndio Madam Njoki?"

"Ni mimi. Karibu, mama, keti."

"Mimi ni Nasimiyu. Ni wa Barasa, Barasa wa raini." Akamweka kuku chini ya meza yangu kwa uangalifu. "Nimetoka Myanga asubuhi. Nimereta hii. Ati wamesema Kitare kuna mashine inaona waya zote, na wewe ndio uriitengeneza. Ati ndio irimwambia asishike. Kwetu mtu akikurudishia mtu, huwezi kukaa tu."

Mnajua kuku ni nini kwa watu wa Bungoma. Hapewi mpita njia. Nilimtazama yule kuku, naye akanitazama kwa jicho moja kama kuku wafanyavyo. Ningeweza kusema asante. Nasimiyu angerudi Myanga na furaha yake, na hakuna ambaye angejua.

"Mama," nikasema, "mashine haikumwambia asishike. Ilimwambia ashike. Ilisema hivyo kwa sababu mimi niliidanganya."

Hakuelewa, au alielewa akataka kusikia tena. "Uriidanganya namna gani?"

"Nilichora mahali ambapo sikufika."

"Kwa nini hukufika?"

Nilitafuta jibu lingine. Halikuwepo. "Mvua ilikuwa inanyesha."

Nasimiyu akageuka akatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa na jua kali. "Mvua," akasema. Sijawahi kuogopa mtu namna hiyo, na hakuwa amepaza sauti.

"Barasa anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia wewe. Mimi siwezi kubeba hiyo maneno kwa gari mpaka Myanga." Akasimama, akajifunga kitambaa vizuri. Nilinyanyua kuku nimrudishie, akanizuia kwa mkono. "Kuku nimeshatoa, hairudi. Ni ya yeye kurudi nyumbani, na arirudi. Rakini usiikure kabra hujamwambia."

Nilimsindikiza hadi langoni. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa meneja na nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alichoniandikia kiko kwenye faili langu, na nilistahili. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba asiadhibu ramani kwa kosa langu. Jioni nilimpeleka kuku nyumbani, akalala jikoni.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa Bungoma kwenye stoo ya mafundi kabla hawajapakia ngazi. Nilimwita Barasa pembeni nikamwambia, kwa maneno yale yale niliyomwambia mkewe, na mvua pia. Alinisikiliza huku akizungusha mkanda wake wa kupandia mikononi. Alipoona nimemaliza aliuweka ule mkanda chini, akachukua panga ukutani.

"Twende," akasema.

Tuliingia ndani ya miwa wawili. Majani yake hukata kama wembe, na humo ndani ni joto na kimya, huoni mbele hatua tatu. Barasa alifyeka, mimi nilifuata na kifaa changu. Nguzo ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu alisimama akanyoosha panga juu, nikatazama.

Waya tatu zilikuja kutoka upande wa Kitale zikafungwa kwenye vikombe vyake na kuishia hapo. Waya tatu zilikuja kutoka Bungoma zikafungwa upande wa pili na kuishia hapo. Kati yake kulikuwa na hewa, nafasi ya kutosha mkono wa mtu kunyooka, basi. Anga la buluu lilionekana ndani yake. Nilikuwa nimechora laini maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ramani chaweza kuwa pale ambapo hakuna kitu. Niliketi kwenye matope. Nikiwa pale chini niliweza kusikia waya za upande wa Bungoma zikiimba polepole.

Barasa alingoja niinuke. Hakunipa mkono, na sikumlaumu. Nguzo hazikuwa sita, zilikuwa saba. Nilisoma zote. Kwenye ya mwisho, mvua ya saa tisa ilitukuta, na nilibaki nimesimama na kifaa juu mpaka namba zikatulia, maji yakinishuka mgongoni. Hapo ndipo aliposema neno lake la kwanza tangu stoo.

"Madam, siku ingine mvua ikinyesha, sema imenyesha. Hiyo sisi tunaweza kungoja."

Ramani ilirudi chumba cha swichi baada ya wiki tatu. Ndiyo mnayoitumia. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini kila nguzo ina nafasi ya jina la mtu aliyeifikia kwa miguu, na kwa nini nilikuwa mkali mtu akiiacha wazi, na mimi nikawajibu kwamba ni utaratibu. Sasa mnajua. Lile bonde, lifungueni mlione. Kwenye nguzo saba mtakuta jina langu, na mtakuta pia kumbukumbu ya zamani ya nguzo sita, zilizopangwa kwa umbali sawasawa, jina langu likiwa hapo vilevile. Mkisafisha mfumo, kama ninavyosikia mnapanga, msiifute hiyo.